Kochi Lenye Kichwa cha Farasi

Enzi zetu mtoto wa Mji wa Kale alimjua punda kabla hajamjua mwalimu. Mifereji ilikuwa ikikauka siku tatu, siku nne, na punda wa maji ndiye aliyetuokoa. Ukisikia "Simile! Simile!" kichochoroni unajibana ukutani, mkokoteni unapita, na nyuma yake watoto kumi wanagombania kudandia. Punda tulimjua kwa jina, kwa tabia na kwa mateke. Mimi mwenyewe nina alama ya kwato pajani tangu nilipokuwa na miaka tisa, na ndiyo sababu mpaka leo mnyama yeyote mwenye kwato nampisha, hata akiwa mbuzi.

Farasi lakini tulimwona kwenye picha tu. Kwa hiyo mtu angeniambia kwamba miaka ya tisini, nikiwa baba wa watu na fundi wa makochi mwenye jina lake, ningekuwa nikitembea ubavuni mwa farasi kila Jumanne na Jumamosi, ningemwambia akapimwe homa.

Wenzangu mliolea watoto miaka hiyo mnakumbuka, watoto wetu hawakuwa wa kukaa ndani. Alasiri wakitoka chuoni kusoma Kurani, wakishavua kanzu na mitandio, kichochoro kizima kilikuwa chao. Huku kibe, huku mdako, huku kamba, huku tiara imenasa kwenye waya wa stima na mwenyewe analia. Magharibi ikikaribia, kila mmoja ana kipande cha gazeti chenye viazi vya karai vilivyomwagiwa ukwaju, na vidole vimegeuka manjano mpaka kesho yake. Siku hizi nawaona wajukuu wangu watatu wamekaa kochi moja, kila mmoja na simu yake, wanaandikiana. Nikiwauliza mnafanya nini, wananiambia wanacheza mpira. Mpira, nao wamelala chali!

Mwanangu Zuhura hakuweza kukimbia na wenzake. Alizaliwa kwa shida, na daktari alituambia ubongo ulikosa hewa kwa muda. Miguu yake ilikaza, ikawa inakatana kama mkasi, na mgongo ukalegea. Alifika miaka sita bado hawezi kukaa bila kuegemezwa. Mama yake alikuwa akimweka barazani kati ya mito miwili, na hapo ndipo alipokuwa mwamuzi wa michezo yote ya kichochoro, kwani sauti Mola alimjazia. "Umetoka, Swaleh! Usibishe, nimekuona kwa mato yangu!" Na Swaleh hutoka, maana Zuhura hakujua kulinyamazia jambo.

Mwaka huo nikampeleka shule. Mwalimu mkuu, mtu mpole, alimweka kwenye benchi la darasa la kwanza, lile refu lisilo na egemeo, wanalokaa watoto wanne wanne. Zuhura alikaa kwa muda wa kuhesabu moja mpaka tatu, kisha akaanguka upande kama mto wa usufi.

"Fundi," akaniambia mwalimu, "akili ya mtoto huyu sina shaka nayo, ameshanisahihisha mara mbili. Lakini hapa kuna watoto sitini na mwalimu mmoja, hakuna wa kumshikilia. Akiweza kukaa mwenyewe kipindi kimoja, mlete Januari. Nafasi yake nitaiweka."

Ilikuwa mwezi wa tatu.

Mama Zuhura ndiye aliyempata Bi. Doroti. Huyu alikuwa Mtaita, muuguzi mstaafu wa mambo ya viungo, akikaa mtaa wa Tudor kwenye uwanja wa majani. Alikuwa na farasi mmoja aitwaye Meja, ambaye naye alikuwa mstaafu, baada ya miaka mingi ya kubeba watalii ufuoni. Farasi huyo alikuja pamoja na mtunzaji wake, Kazungu, Mgiriama mtu mzima asiye na maneno mengi. Meja alikuwa mnene, wa rangi ya tende, mgongo mpana kama meza ya karamu, na ila yake ilikuwa moja tu: madafu. Watalii walimzoesha kumpa nyama ya ndani wakishakunywa maji, na tangu hapo akiliona dafu hasogei mpaka apate lake.

Siku ya kwanza mama yangu mzazi alishika lazima aje. Tulipofika uwanjani akatoa chetezo chini ya buibui.

"Mjukuu wangu hapandi mnyama asiyefukizwa," akasema.

Bi. Doroti alifungua kinywa, Mama akamwahi. "Wewe wajua viungo, mwanangu. Mimi najua mato ya watu."

Akamzunguka Meja mara ya kwanza kwa udi, akamzunguka mara ya pili. Mara ya tatu akakipeleka chetezo mpaka puani. Meja alipiga chafya moja, chetezo kikaruka, na jivu na mengineyo yote yakatua juu ya buibui la Mama. Kazungu aligeukia ukuta, mabega yakimtetemeka. Mama akajifuta uso taratibu, akasema, "Alhamdulillahi. Shari limemtoka."

Kisha Zuhura akapandishwa. Kazungu mbele na kamba, Bi. Doroti upande wa kushoto, mimi kulia, mkono wangu juu ya paja la mtoto.

"Kazi yako ni moja, Baba Zuhura," akasema Bi. Doroti. "Mkono usitoke hapo. Hata akipita rais." Halafu akanieleza: mtu akitembea, kiuno chake huenda hivi na hivi, na farasi naye ndivyo anavyokwenda. Kila hatua yake humsukuma mtoto kidogo, na mgongo wa mtoto hulazimika kujirudisha wenyewe. "Farasi ndiye mwalimu. Sisi ni wasaidizi."

Niliitikia kwa kichwa, kama aitikiavyo mtu ambaye hakuelewa na hataki kuulizwa. Masikio yangu yalikuwa kwenye kwato.

Hatua tano, kumi. Zuhura alikuwa kimya, jambo lililonitia hofu zaidi. Kisha nikasikia kutoka juu: "Baba! Kumbe una upara!"

Maisha yake yote alikuwa akinitazama kutoka chini.

Basi tukashika mwendo huo. Nilimchukua kwa baiskeli, amekaa kwenye keria niliyoishonea mto wa sifongo, amefungwa kwangu kwa leso. Mwezi wa tano aliweza kukaa barazani bila mito kwa hesabu ya thelathini. Mwezi wa nane akafika mia, na akawa anahesabu mwenyewe, maana mimi alisema naruka namba.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Siku hizo mtoto kama Zuhura watu walimwita majina, na mzazi aliulizwa kwa macho alimkosea nini Mungu. Sikuwa na moyo wa kuyakabili macho hayo. Nilipita vichochoro vya nyuma, na kwenye baraza ya kahawa nikawaambia wenzangu kwamba nampeleka mtoto chuo kimoja Tudor chenye mwalimu hodari sana. Uongo huo ungesimama kama si Mama. Yeye alisikia kwamba mavi ya farasi yanakuza asumini, basi kila Jumamosi ikawa lazima nirudi na kikapu kimoja. Asumini ya Mama ilichanua mpaka majirani wakaja kuomba mbegu ambayo haikuwepo. Na Athmani Mrefu, fundi cherehani na rafiki yangu wa kahawa, akanusa kikapu siku moja akaniuliza, "Fundi, huyo mwalimu wa Tudor ana miguu mingapi?"

Baraza nzima ikacheka. Mimi nikanuna, nikazidi kujificha.

Mwezi wa tisa Bi. Doroti alisema uwanja wa sawa umeshamtosha mtoto, sasa apande na kushuka mteremko. Tukatoka barabarani, Zuhura juu ya Meja kama malkia aliyetoka kukagua nchi. Tulipofika pembeni palikuwa na muuza madafu na mkokoteni wake, na mbele ya mkokoteni, dafu mkononi, amesimama Athmani Mrefu na wawili wa barazani. Walikuwa wametoka kuhani matanga Tudor.

Meja aliliona dafu kabla mimi sijamwona Athmani. Akasimama. Kazungu akavuta kamba, Meja akamtazama kama asiyemfahamu.

Nitawaambia nilichofanya na sitakipamba. Nilitoa mkono kwenye paja la mwanangu, nikachutama nyuma ya mguu wa farasi, nikajifanya nafunga kiatu. Mimi, nimpishaye hata mbuzi, nilijificha chini ya tumbo la farasi ili Athmani asinione. Aibu ilikuwa imeishinda hofu.

Meja akanyoosha shingo kulifuata dafu la Athmani. Zuhura akainama upande wangu, upande ambao haukuwa na mkono. Niliiona ndara yake ikipita juu ya kichwa changu. Bi. Doroti alijirusha akamkamata gauni, na mtoto akabaki ananing'inia juu ya farasi kama taulo kwenye kamba, mpaka Kazungu alipomrudisha akakaa sawa. Hakuumia. Utepe wa nywele tu ndio ulioanguka. Meja alikuwa akitafuna, na Athmani ameduwaa, mkono mtupu.

"Ee! Huyu si Zuhura wa fundi?" akasema. "Babako yuko wapi, mwanangu?"

"Yuko hapa chini," akajibu Zuhura, kwa ile sauti ya mwamuzi. "Amejificha."

Nikatoka. Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka vicheko, na nakumbuka Bi. Doroti hakucheka.

Nilipofika nyumbani nikamwambia mke wangu, "Farasi amemtupa mtoto. Yule mnyama si salama. Hatuendi tena." Zuhura alikuwa papo hapo, kwenye mkeka. Nilingoja aseme. Yeye ambaye hakuwahi kumsamehe Swaleh nusu hatua ya kibe, alinitazama, kisha akautazama ukuta. Kimya kile bado nakisikia kuliko kelele zake zote.

Na uongo ukishatoka hauna wa kuurudisha. Uliondoka kwangu ukafika kwa wengine, na wazazi wawili wakawatoa watoto wao kwa Bi. Doroti kwa sababu farasi "anatupa."

Fundi akiwa na hatia hukimbilia nyundo. Nilijiambia kama dawa ni kukaa juu ya farasi, basi farasi nitamtengeneza mwenyewe. Kwa wiki tatu niliweka kando makochi ya watu. Mbao ngumu, sifongo la inchi nne, mahameli nyekundu, misumari ya shaba safu mbili, manyoya ya shingoni ya shada za mapazia, na macho ya vifungo vikubwa vyeusi. Tena nikamwekea mbavu mbili za juu, huku na huku, nene na laini, ili mtoto asianguke.

Alikuwa mzuri, sitasema uongo wa pili. Kichochoro kizima kilikuja kumtazama. Mama alimpanda upande upande akanywea kahawa juu yake, akasema hajapata kukaa pahali pazuri hivyo tangu aolewe. Bibi mmoja aliyekuwa na harusi akaja kuuliza kama naweza kumwazima akae bwana harusi.

Mama Zuhura alimzunguka mara moja. "Umetengeneza kochi lenye kichwa," akasema.

"Ni farasi. Na hana hatari."

"Yuwaenda?"

"Aende wapi?"

"Ndiyo nakuuliza."

Sikumsikiliza. Zuhura alikaa juu yake saa nzima kila siku, wima, na mimi nikawa natembea na kifua mbele.

Januari ikafika. Mwalimu mkuu akamweka Zuhura kwenye benchi, mimi nikasimama dirishani nikitabasamu kama mtu aliyeleta zawadi. Mwezi wa nane alikuwa amefika mia. Siku ile hakufika kumi. Alianguka upande ule ule, juu ya bega la mtoto wa jirani yake, na darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Alinirudishia mkoba mpya wa mtoto akaniambia, "Mlete mwakani, fundi."

Njiani, amefungwa mgongoni kwangu kwa leso, Zuhura akasema, "Baba, kochi lina mikono. Benchi halina."

Hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza jambo kwa ufupi hivyo. Nilikuwa nimemjengea mwanangu mahali pa kuegemea, na mgongo wake ukasahau kazi. Hatukwenda nyumbani. Niligeuza baiskeli njia ya Tudor.

Bi. Doroti alikuwa akimpiga Meja brashi, Kazungu akibeba ndoo. Nilisimama mbele yao na mtoto mikononi. "Nilisema farasi alimtupa mtoto," nikaanza. "Hakumtupa. Mimi ndiye niliyemwachia. Niliona watu nikajificha."

Kazungu akaweka ndoo chini. "Nilikuona, mzee. Nikajiambia, labda yuafunga kamba za kiatu." Akaitazama miguu yangu, vidole vyote nje. "Lakini ulikuwa umevaa champali."

Bi. Doroti alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani, na Zuhura naye akacheka, na mimi nikajikuta nacheka huku machozi yananitoka. Alipotulia akaniuliza, "Mkono huo ndio ule ule?"

"Ndio ule ule."

"Basi urudishe ulipokuwa. Na wale wazazi wawili utakwenda mwenyewe kuwaambia."

Nilikwenda. Mmoja alinisamehe. Wa pili alinisikiliza mpaka mwisho akafunga mlango, na alikuwa na haki. Mtoto wake hakurudi kwa Meja.

Nyumbani nikamwambia mke wangu ukweli, nikijiandaa kwa tufani.

"Najua," akasema, akiendelea kupepeta mchele.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya pili. Mke wa Athmani."

"Na ukanyamaza miezi minne?"

"Nilikuwa nakungojea. Mtu angojee maji ya mfereji, angojee na ukweli wa mume. Nimechoka miguu."

Mwaka ule wa pili nilipita mbele ya baraza ya kahawa, mchana kweupe. Siku ya kwanza Athmani aliita, "Haya, wanachuo!" Nikasimamisha baiskeli nikasema, "Si chuo. Twaenda kwa farasi, mwanangu anyooke mgongo." Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko. Athmani alikohoa, akauliza, "Nao huyo farasi, madafu bado ayapenda?" Jumamosi iliyofuata alituletea dafu la kumpelekea. Kumbe macho niliyoyakimbia mwaka mzima, mengi yalikuwa yangu mwenyewe.

Januari ya pili nilisimama dirishani pale pale, bila tabasamu. Kengele ikalia. Zuhura akakaa. Mwalimu akaandika ubaoni, watoto wakasoma, na mimi nikahesabu mpaka hesabu zikanipotea. Katikati ya kipindi mtoto mmoja akampiga kumbo akipita. Mwili wake ukaenda upande. Nikashika nondo za dirisha. Ukaenda, ukasita, kisha ukarudi wenyewe, taratibu, kama vile kuna mnyama chini yake. Halafu akainua mkono juu, kumwambia mwalimu kwamba ameruka neno.

Aliingia darasa la kwanza akiwa na mwaka mmoja zaidi ya wenzake, wakimwita Bi. Mkubwa. Mwaka ule aliopoteza haukuchukuliwa na ugonjwa wala umaskini. Niliuchukua mimi, kwa kuchutama mara moja barabarani. Nimemwomba radhi mara nyingi. Kila mara Zuhura huniambia yamepita, na kila mara najua kwamba hakusema hayakuwapo.

Leo ana duka lake la vitambaa, anatembea kwa mkongojo, na wale mabingwa watatu wa mpira wa chali ni wanawe. Nawacheka vijana wa siku hizi wanaopiga picha sahani ya biriani mpaka ipoe. Lakini mtaani kwetu kuna mama mmoja kijana, mtoto wake ana miguu kama ile ya Zuhura. Kila zoezi la mwanawe hulipiga picha akawatumia watu wote, na watu wote humwandikia hongera. Mwanzo nilisema hawa hawana haya. Kisha nikakumbuka haya yangu ilinifikisha wapi, nikamwambia mjukuu anisaidie na mimi niandike hongera.

Siku hiyo mjukuu akaniuliza iko wapi picha ya mama yake juu ya farasi. Haipo. Bi. Doroti alikuwa na kamera, na kila mtoto alimpiga picha akambandika ukutani kwake. Ilipofika zamu ya Zuhura nilisimama mbele ya kamera nikasema kwetu hatupigi picha watoto wa kike. Maneno hayo nilikuwa nayatoa mimi, ambaye ukuta wa sebule yangu umejaa picha za harusi. Sisi tulikuwa na farasi bila picha. Hawa wana picha bila farasi, na sijui nani amekula hasara.

Mjukuu akasema hilo si tatizo, simu inaweza kuitengeneza. Akaiambia maneno mawili matatu, na hapo hapo ikatoka picha ya msichana juu ya farasi mweupe, mwembamba, ufuoni. Akampelekea mama yake. Zuhura akavaa miwani, akaitazama sana.

"Huyu si mimi," akasema. "Miguu yake imenyooka. Na huyu farasi hajapata kuonja dafu maishani mwake."

"Na Babu, mama?" akauliza mjukuu. "Nimeiambia imweke Babu pembeni amekushika. Mbona haonekani?"

"Hapo tu ndipo simu ilipopatia," akasema Zuhura, akanisogezea kahawa yangu.